Sehemu ya Pili ya Mchezo wa Jumapili

Jumapili hiyo Osundwa aliwafukuza majirani kwenye televisheni yake. Neno lenyewe la kufukuza hakulitumia. Alisimama mlangoni na koti lake la kanisani, mikono nyuma, akasema leo kuna wageni. Shikanga, jirani wa ng'ambo ya barabara ya matrekta, alikuwa amekwisha kufika na kigoda chake kichwani kama kila Jumapili, kwa sababu viti vya Osundwa havingetosha Ekero nzima.

"Wageni gani hao wanatuzidi sisi?" aliuliza Shikanga. "Si leo ndiyo sehemu ya pili? Wiki nzima tunangoja kujua yule karani atamfanya nini bibi yake."

"Nitakuambia kesho."

"Wewe? Wewe unalalanga katikati! Juzi ulikoroma mpaka tukakosa maneno ya mkwe."

Watoto waliokuwa nyuma yake wakacheka. Osundwa hakucheka. Shikanga alitazama ndani kupitia begani mwake, akaona vitambaa vyeupe vimefuliwa na kutandikwa upya juu ya makochi, na televisheni yenyewe imevishwa kimoja kama bibi harusi.

"Basi weka sauti juu. Nitakaa hapa kando ya miwa yako nisikie."

"Kando ya miwa yangu pia hapana. Enda nyumbani, bwana. Ni mambo ya msichana."

Hapo Shikanga akaelewa. Alishusha kigoda kutoka kichwani. "Ungesema tangu mwanzo," alisema. Akaondoka nacho mkononi, kikimgonga goti njia nzima, na watoto wakamfuata wakigeuka nyuma kila hatua.

Miaka hiyo miwa ilikuwa inalipa. Kila aliyepata hundi ya kiwanda alirudi nyumbani na kitu cha kuonekana: huyu baiskeli, huyu cherehani, huyu mabati mapya yanayong'aa hadi upande wa pili wa bonde. Osundwa alirudi na televisheni. Stima haikuwa imefika kwake, kwa hivyo ilikula bateri ya trekta, nayo bateri ilipelekwa sokoni kwa wilbaro kila mwisho wa wiki ikachajiwe. Sheria ya nyumba ilikuwa ni kuwasha Jumapili tu. Lakini jana yake, akijua kesho atawafungia majirani mlango, Osundwa aliona haya, akawaita Jumamosi waje watazame mieleka. Walikaa mpaka mieleka ikaisha na habari zikaisha.

"Utamaliza bateri," mkewe Pascalia alimwambia.

"Bateri inavuta trekta na trela mbili za miwa. Itashindwa na watu wawili wanaokumbatiana?"

Pascalia aliachia hapo. Alikuwa na mambo mengine ya kumkosesha usingizi.

*

Jikoni, Pascalia alikuwa ananyonyoa ingokho wa pili, kuku wa wageni. Wifi yake Zipporah, dada ya Osundwa, ambaye watoto wote wa boma hilo walimwita Senje, alikuwa ameketi kwenye mlango akikatakata mboga juu ya magoti. Milcah, msichana mwenye wageni, alikuwa anapangusa vikombe vilivyoazimwa kwa mke wa mchungaji.

"Sasa mimi nitaonea wapi?" alisema Pascalia. "Mkwe akiwa sebuleni siwezi kutia hata kidole. Televisheni ni yangu, kochi ni langu, vitambaa nimefuma mimi kwa macho haya. Na leo ndiyo sehemu ya pili."

"Utakaa chumbani nyuma ya pazia. Mimi nitakuambia wanafanya nini," alisema Senje.

"Utanidanganya."

"Nitakuambia vile naona."

"Ndiyo hiyo nasema."

Wanawake wawili wakacheka. Kwao mama mkwe na kijana anayeoa binti yake hawaketi chumba kimoja, hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Wazee waliotunga mpango huo hawakujua kwamba siku moja kitaletwa kisanduku ambacho nyumba nzima inataka kukitazama kwa wakati mmoja.

Milcah hakucheka. Aliweka kikombe chini. "Senje, yule mwanamke wa mchezo ulimwita mjinga."

"Si ni mjinga? Amezaa mtoto, amemwacha kwa mama yake, akaolewa na karani wa posta kimya kimya. Sasa mtoto amebisha mlango na viatu vya shule mkononi."

"Mjinga kwa sababu alificha, ama kwa sababu alijulikana?"

Kisu cha Senje kilisimama kwenye mboga.

"Milcah," alisema mama yake bila kuinua macho kutoka kwa ingokho, "usianze."

Mwaka uliopita Milcah alikuwa akiishi kwa Senje huko Shieywe, mjini Kakamega, akiuza vitambaa dukani kwa mtu. Siku moja akiwa anapima shuka la mteja alianguka. Hospitalini walimpasua, wakakuta uvimbe, wakautoa pamoja na upande mmoja wa kizazi. Upande uliobaki nao ulikuwa umeguswa. Daktari alisema anaweza kuzaa, na anaweza kukosa. Yeye si Mungu. Osundwa aliposikia alisema mambo ya hospitali yabaki hospitali. Na wiki hii, wageni walipotuma habari kwamba wanakuja kuzungumza ng'ombe wa mahari, alimwita Milcah nje akamwambia: ukifungua mdomo juu ya jambo lile mbele ya hao watu wa Mautuma, utafute baba mwingine na kitanda kingine.

Protus, kijana anayetaka kumwoa, aliambiwa ni tumbo. Milcah alijiambia kwamba tumbo si uongo. Lakini alikuwa amekwisha kuona mbali. Alijiona huko Mautuma katikati ya mahindi ya watu, kila mwezi ukiisha mama mkwe anamtazama kiunoni, na yeye peke yake ndiye anajua kwa nini. Akisema, harusi inakufa na baba anamtoa. Asiposema, anaolewa na jambo hilo likiwa limeketi kati yake na Protus kama mgeni asiyeaga.

"Lete sufuria kubwa," alisema Pascalia. "Na ufunge kitambaa vizuri. Wakija ucheke kidogo, si sana."

*

Wageni walifika na pikapu ya jamaa yao, wakiwa na vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Mzee Phanuel, baba yake Protus, alikuwa mrefu na mpole, na kofia alivua kabla hajafika mlangoni. Mama Kageha, mkewe, alishuka akitazama: alitazama mabati, akatazama choo kiko wapi, akatazama kuni zimepangwaje. Protus alikuja nyuma akiwa na suti. Yeye ni fundi wa mitambo kiwandani, na mafuta hayakuwa yametoka kwenye kucha zake ingawa alikuwa amesugua.

"Mulembe, mulembe." Mikono ikasalimiana. Protus akaonyeshwa kiti kilichogeuzwa mgongo kwa mlango wa chumbani, na nyuma ya pazia la mlango huo Pascalia akavuta pumzi, akaketi kwenye ukingo wa kitanda.

Walikula. Milcah alipiga magoti kuwanawisha, uso chini, na maji hayakumwagika. Ingokho wakaliwa, obusuma, ugali wa kwao, ukaongezwa, na Mama Kageha akasifu mchuzi, akataka kujua ni nani amepika, akaambiwa ni Milcah, naye akatazama pazia akatabasamu kama mtu ambaye pia aliwahi kupika kwa niaba ya binti.

Mazungumzo ya ng'ombe yalianza kwa heshima. Osundwa alitaja idadi, Mzee Phanuel akakohoa. Phanuel akataja yake, Osundwa akacheka kama aliyesimuliwa kichekesho. Wakaenda hivyo, wakapanda, wakashuka. Mara Osundwa akatazama saa yake ya mkononi, akainuka.

"Wazee, tuache ng'ombe wapumue. Kuna mchezo." Akavua kitambaa juu ya televisheni kwa mikono miwili.

Mzee Phanuel alisogeza kiti. Kwake Mautuma alikuwa amesikia tu habari za vitu hivi. "Na hawa watu wanajua tunawatazama?"

"Hapana, baba," alisema Protus. "Wako Nairobi."

"Wako Nairobi sasa hivi, wanagombana?"

"Wanaigiza, baba."

"Kwa hivyo hawajakasirika kweli."

"Si kweli."

Mzee akafikiri. "Hiyo ni kazi ngumu."

"Sisi hatujui mwanzo," alisema Mama Kageha. "Hata nikitazama nitakuwa kama ng'ombe anayetazama treni. Nani anajua mwanzo?"

Hapo Senje alikuwa anangoja tu. Alisogea mbele, akapanga leso mapajani, akawasimulia. Kuna karani wa posta, mtu safi, anavaa tai. Ameoa mwanamke mzuri, mpole, wamekaa vizuri. Siku moja mtoto anabisha mlango. Mke anamwona, sahani inaanguka.

"Haikuwa sahani," sauti ilisema nyuma ya pazia. "Ilikuwa bakuli."

Protus alikaza macho kwa ukuta wa mbele, masikio yakapata moto.

"Ilikuwa bakuli," Senje alikubali. "Ikaanguka. Karani akauliza, huyu ni nani. Mwanamke akasema ni mtoto wa dada yangu. Mtoto akasema, mama."

"Ai!" alisema Mama Kageha.

"Akasema mama! Karani akashika mlango. Akamwambia bibi yake, ulikuwa naye kabla yangu? Ulijua na ukanyamaza? Wakakatia hapo. Wakaleta wimbo."

"Na hakukuwa na kulia?" aliuliza Mama Kageha.

"Mwanamke alilia, lakini kidogo. Mimi naona hakulia vya kutosha."

"Alilia sana," lilisema pazia. "Wewe ulikuwa unakula karanga."

Mzee Phanuel alicheka mpaka akapangusa macho. Sebule ikalegea. Hata Osundwa, aliyekuwa ameinama akigeuza kitufe, alionyesha meno.

*

Televisheni ilitoa sauti kwanza, kisha watu. Karani alikuwa ameketi. Mke alikuwa amesimama. Mtoto hakuonekana. Nyuma ya pazia Pascalia aliuliza kwa mnong'ono mkubwa, "Wanafanya nini?" na Senje akajibu, "Ameketi, hajala," na Mama Kageha akasema, "Nyamazeni tusikie."

Karani alisema amefikiri usiku kucha. Mke akasema aseme tu. Karani akafungua mdomo. Lakini kabla sauti haijatoka, picha ilianza kujikunja kutoka pande zote, watu wakawa wafupi, kisha wembamba, na kando zote zikawa giza.

"Ni antena," alisema Osundwa, akatoka nje mbio. Walimwona dirishani akiushika mti mrefu wa antena na kuuzungusha. "Imekuja?" alipaza sauti.

"Bado!"

"Sasa?"

"Anakuwa mdogo zaidi!" alisema Senje. "Karani amekuwa kama kiberiti!"

Osundwa alizungusha upande wa Kisumu, akazungusha upande wa Mumias, jasho likalowesha kola ya shati. Protus alikaa akijizuia. Mwishowe akatoka mpaka mlangoni. "Baba," alisema kwa sauti ya chini, "si antena. Ni bateri imekwisha."

Osundwa aliuacha ule mti polepole. Mkwe mtarajiwa alikuwa amemwambia jambo ambalo mkewe alimwambia jana. "Nilijua," alisema. "Nilikuwa nahakikisha." Waliporudi ndani, kwenye kioo kilikuwa kimebaki kidoa cheupe, nacho kikazimika wakikitazama.

Sauti ya trela tupu ilipita barabarani ikaenda.

"Sasa wale watu wameishia wapi?" aliuliza Mzee Phanuel.

"Wanaendelea, mzee. Wenye stima wanaona," alisema Senje.

"Wanaendelea bila sisi." Mzee alitikisa kichwa. Jambo hilo lilimsumbua kweli. "Basi mimi siwezi kwenda Mautuma hivyo. Niambieni huyo karani alisema nini. Osundwa, wewe ungesema nini?"

Osundwa, aliyekuwa anatafuta pa kuweka aibu yake, aliipokea nafasi hiyo. "Mimi ningemfukuza. Ameniibia. Unanunua mtamba kumbe ni ng'ombe amekwisha kuzaa."

"Eh! Baba Milcah!" Senje alimtazama kwa jicho ambalo wageni hawakulielewa.

"Mimi hapana," alisema Mama Kageha. Alikuwa amejiegemeza kwenye kochi, ameona raha ya mjadala kama mtu aliyewekwa mbele ya chai. "Mimi huyo mwanamke ningemchukua leo leo. Kijana wangu akiniletea huyo, nampikia mimi. Mtoto si ugonjwa. Angalau nimeona kwa macho kwamba anazaa! Mnajua, bibi ya kijana wangu mkubwa ako kwetu miaka mingi. Msichana mzuri, anafanya kazi, ananiheshimu. Lakini nyumba imenyamaza. Asubuhi ukipita hapo husikii hata kikombe kinaanguka. Mimi nilisema, Mungu, nyumba ya pili ya namna hiyo usinipe. Mwenye mtoto wa kuficha namchukua. Yule ningekataa ni yule hazai."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anatoa maoni juu ya mchezo.

Nyuma ya pazia hakukuwa na sauti tena. Milcah alikuwa ameingia huko kupitia mlango wa nyuma, akiwa na birika la chai, na Pascalia alikuwa amemshika mkono. Wote wawili walisikia. Birika lilikuwa la moto, lakini Milcah hakulitua.

"Na wewe, kijana?" aliuliza Mzee Phanuel. "Ungekuwa karani?"

Protus alitazama mikono yake. "Mimi, baba, juu ya mtoto nisingekuwa na neno. Mtoto ni mtoto. Ningemwuliza swali moja tu. Ningesema, sawa, hili nimelijua. Sasa kuna lingine ambalo sijaambiwa? Maana baada ya hapo ningekuwa nauliza kila siku, hata akiniambia chumvi imekwisha."

Senje aliinuka. "Ngoja nilete chai," alisema, na alisema kwa haraka sana.

Lakini pazia lilikwisha kufunguka. Milcah alitoka na birika, na nyuma yake mkono wa mama yake ulionekana ukishika gauni, ukaliachia ulipofika mwangani. Hakupiga magoti. Aliweka birika mezani juu ya kitambaa, akasimama katikati ya nyumba ya baba yake.

"Kuna lingine," alisema.

"Milcah," alisema Osundwa. "Rudi jikoni."

"Mwaka jana haikuwa tumbo. Walinipasua wakatoa upande mmoja wa kizazi. Upande mwingine daktari hajui. Naweza kuzaa, naweza kukosa."

Osundwa alikuwa amefungua mdomo kama yule karani, na sauti yake pia haikutoka.

Mama Kageha ndiye aliyesema kwanza. Alikuwa ameketi wima sasa. "Alisema hajui, ama alisema haiwezekani?"

"Alisema hajui."

"Maana hayo ni maneno mawili."

"Alisema hajui, mama."

Mzee Phanuel alivaa kofia yake, jambo ambalo hufanyi katika nyumba ya watu unapokusudia kuendelea kuketi. "Osundwa," alisema kwa upole, "tupe ruhusa tutoke nje kidogo, tuongee sisi kwa sisi."

*

Wageni walisimama mbali, pale shamba la miwa linapoanza. Ndani, Senje alikwenda dirishani. Muda si muda Pascalia alitoka chumbani akasimama kando yake. Kwa kuwa mkwe hakuwa ndani, hakukuwa na wa kumzuia.

"Mama Kageha anapunga mkono," alisema Senje. "Anaonyesha barabara. Amekataa."

"Hajakataa. Angalia, ameketi juu ya miwa iliyokatwa. Mtu anayekataa haketi."

"Ameketi kwa sababu miguu imemwisha. Wewe ungesimama?"

"Na mzee anasema nini?"

"Mzee hasemi. Amevua kofia tena, anaitazama."

"Protus?"

"Protus amempa mama yake mgongo."

"Mnatazama nini nyinyi?" Osundwa alifoka kutoka kwenye kochi. "Mnafikiri ni sinema?" Alimtazama binti yake aliyekuwa bado amesimama kando ya birika, na maneno ya kitanda kingine yalikuja mpaka kwenye ulimi, yakakaa hapo. Ilikuwa rahisi kuyasema alipokuwa ana kitu cha kulinda. Akainuka, akaja naye dirishani, akawa anachungulia juu ya vichwa vya wanawake.

"Yule mama anaongea sana," alisema.

"Si umesikia mambo ya nyumba ya kijana wake," alisema Pascalia. "Mimi ningekuwa yeye, ningeongea zaidi."

"Anakuja!" alisema Senje.

Protus alikuwa anapanda kuelekea nyumbani peke yake, na mama yake nyuma alikuwa amenyanyuka. Alipokaribia aliinua macho, akaona dirisha limejaa, na katikati ya dirisha uso wa mama mkwe. Akageuka ghafla, akatembea hatua za mwisho kiupandeupande kama kaa, uso kwenye migomba.

"Senje," alisema kwa migomba, "naomba Milcah."

"Mwambie aingie aseme kama mwanamume," alisema Osundwa.

"Aingie wapi, na mama mkwe wake amejaa hapa?" Senje alimjibu.

Milcah alikuwa amekwisha kutoka.

Walisimama karibu na pipa la maji ya mvua, pahali ambapo wa dirishani wangeona lakini wasisikie, na wa kwenye miwa vilevile. Milcah alikuwa amejitayarishia majibu. Alikuwa na jibu la kwa nini alinyamaza, na jibu la baba yake alisema nini, na jibu la daktari, yote yamepangwa kichwani.

"Walikukata wapi?" aliuliza Protus.

Alionyesha juu ya gauni, kwa kidole, kutoka hapa mpaka hapa.

"Bado inauma?"

Milcah alitafuta kati ya majibu yake, akakosa. Baba yake alikuwa amemwuliza nani mwingine anajua. Mama yake alikuwa amemwuliza kama mwezi unakuja sawasawa. Senje, aliyelala naye hospitalini, alimwuliza daktari habari za watoto. Wote walimpenda.

"Ikinyesha," alisema. "Na nikibeba maji."

"Nilikuona Shieywe unabeba ndoo moja moja. Nikasema huyu ni mvivu, nitamzoea."

"Ungeuliza."

"Ningeuliza ungesema ni tumbo."

Protus alikwangua kutu ya pipa kwa ukucha.

"Nimekasirika, Milcah. Sitaki ufikiri sijakasirika. Si kwa ugonjwa. Ni vile ulikuwa unaniangalia usoni na unajua."

"Najua."

"Na mama hatakubali. Si leo. Labda tutapita Krismasi bado anakataa."

"Na wewe?"

Ukucha wake ukaendelea mpaka mahali ambapo kutu iliisha.

"Mimi Jumanne sina zamu," alisema. "Nataka twende kwa huyo daktari. Aniambie na mimi nikiwa nimeketi hapo. Nisiwe nasimuliwa na watu."

Kutoka kwenye miwa Mama Kageha alipaza sauti, na ndani ya sauti hiyo, pamoja na hasira, mlikuwa na hamu ya kujua iliyomshinda. "Protus! Mnasema nini huko?"

Na dirishani Pascalia hakuweza tena. "Milcah! Amesema nini?"

Milcah alitazama upande wa miwa, akatazama upande wa dirisha. Uso wake ulikuwa na maji, lakini hakuupangusa.

"Nitawaambia," alisema, kwa sauti ya kawaida ambayo haikuwafikia hawa wala wale. Kisha akamgeukia Protus. "Jumanne saa ngapi?"